Hesabu ya Safari Ianze na Mwezi wa Kurudi

   

Leo nataka tuzungumze habari ya likizo. Nakusudia ile safari ya familia nzima, baba, mama na watoto, kutoka nje ya nchi skuli zinapofungwa katikati ya mwaka. Zamani safari ya namna hii ilikuwa ya watu wachache. Siku hizi ukipita Michenzani, hapa Unguja, jioni, pale karibu na mnara wa Mapinduzi, ukakaa kidogo ukasikiliza watu, utasikia wanaulizana: mwaka huu mnakwenda wapi? Mfanyakazi wa serikali anauliza. Fundi wa magari anauliza. Mama anayeuza vitambaa Darajani naye anauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa sababu ametafuta pesa yake kwa jasho lake na anataka wanawe waione dunia.

Na wengi wetu, tukisema nje, kwanza tunafikiri Omani. Si ajabu. Jamaa zetu wako kule. Wako waliohama baada ya mwaka 1964, na wako waliokwenda baada ya Julai 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na milango ikafunguka. Mpaka leo unaweza kushuka Maskati, ukaingia katika nyumba ukakaribishwa kwa Kiswahili, ukaletewa chai ya maziwa kama uko Mlandege. Basi mfano wangu wa leo utakuwa safari ya Omani, lakini hesabu ni ile ile ukenda Dubai, Mombasa au kwengineko.

Nina jambo moja kubwa la kusema, na nitalirudia mpaka tutakapoagana. Hesabu ya safari ianze na mwezi wa kurudi. Nasema tena, hesabu ya safari ianze na mwezi wa kurudi.

Kwa nini nasema hivyo? Tazameni tunavyofanya wengi wetu. Mtu akitaka kusafiri, swali lake la kwanza ni: tiketi kiasi gani? Akishaijua bei ya tiketi anaizidisha kwa idadi ya watu wa nyumbani mwake, anapata jumla, anaanza kuitafuta hiyo jumla. Akiipata, anasema sasa nina safari. Wanakwenda, wanafurahi, wanapiga picha, wanarudi. Wanafika tarehe 20 ya mwezi wa saba. Nyumbani friji tupu. Umeme wa mita ya Tukuza umekwisha. Polo la mchele lililoachwa nusu limetumiwa na waliobaki kulinda nyumba. Skuli zinafunguliwa, mtoto mmoja viatu vimembana, mwengine anahitaji madaftari. Mshahara mpaka mwisho wa mwezi, na ule mshahara ukija nusu yake ina wenyewe, kwa sababu kuna deni lililokopwa wiki ya mwisho kabla ya kuondoka. Basi Agosti nzima nyumba inaendeshwa kwa daftari la duka la jirani. Mume na mke wanaanza kulaumiana: wewe ndiye uliyetaka twende. Hapana, wewe ndiye uliyenunua vitu vingi. Safari iliyokusudiwa kuwaleta pamoja inawagombanisha.

Sasa je, kosa liko wapi? Walihesabu pesa ya kuondokea tu, ya kurudia hawakuihesabu.

Kwa hiyo mimi nasema, chukueni daftari, ukurasa wa kwanza kabisa muandike: mwezi wa kurudi. Hapo andikeni mchele, unga, mafuta, umeme, maji, nauli za watoto za kwenda skuli, dawa za bibi kama mnaye bibi nyumbani. Jumlisheni. Pesa hiyo itengwe kwanza, kabla ya tiketi, na iwekwe mahali ambapo si rahisi kuifikia. Tiketi itafuata katika ukurasa wa pili. Mkiona pesa ya ukurasa wa pili haitoshi mpaka muichukue ya ukurasa wa kwanza, basi jueni safari ya mwaka huu haijawa tayari. Itangojea.

Haya, tuje kwenye mambo ambayo watu hawayaandiki kabisa. Na hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea.

La kwanza ni maagizo. Nani asiyeyajua majumba ya Michenzani? Yale majumba marefu, milango imefuatana, ngazi moja wanaitumia watu wa nyumba nyingi. Huwezi kushusha masanduku matano kwenye ngazi ile bila ya kuonekana. Na kabla ya siku hiyo habari imeshaenea. Anakuja jirani wa juu: mwanangu, nasikia mnakwenda Maskati, niletee udi, ule mzuri. Anakuja wa chini: mimi marashi tu, kichupa kimoja. Anakuja binamu kutoka Jang'ombe: niletee simu, pesa nitakupa ukirudi.

Pesa nitakupa ukirudi! Maneno haya yamemaliza bajeti za watu wengi. Yule anayesema hana nia mbaya. Anaona wewe unakwenda nchi yenye mali, basi hushindwi. Lakini watu kumi wakikwambia hivyo, umekuwa mfanyabiashara anayekopesha kwa mtaji wa likizo ya watoto wake.

Dawa yake nini? Dawa yake ni daftari hilo hilo. Ukurasa wa maagizo, safu mbili: jina la mtu, na pesa aliyoitoa. Mtu akija na agizo, mkaribishe, msikilize, kisha mwambie kwa adabu: Bi Mkubwa, mimi kila agizo naliandika pamoja na pesa yake, nisije nikachanganya cha mtu na cha mtu. Hakuna aliyetukanwa hapo. Mwenye haja ya kweli atatoa pesa. Asiyekuwa na pesa atasema basi niombee dua, na dua haina uzito kwenye sanduku. Wale ambao kweli unataka kuwaletea kitu, mama yako, shangazi yako, jirani aliyekulindia nyumba, waandike wewe mwenyewe katika safu yako, na hiyo ihesabiwe kuwa ni gharama ya safari tangu mwanzo.

La pili ni zawadi za kwenda nazo. Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, hilo halina mjadala. Jamaa wa Maskati wanatamani vitu vya kwao. Wanataka papa mkavu na ng'onda, wanataka ndizi za mkono wa tembo, visheti, kashata, pilipili manga, mdalasini na karafuu za kutia chai. Vitu hivi hapa kwetu havina bei kubwa. Bei yake iko kwenye mizani ya uwanja wa ndege.

Nimeona anavyofanya mama mmoja wa Michenzani, na namna yake imenipendeza. Siku tatu kabla ya kuondoka, sanduku linalazwa juu ya mkeka sebuleni, lipo wazi. Ana mizani ndogo ya kuning'iniza. Kwanza anapima sanduku tupu, kwa sababu sanduku lenyewe lina kilo zake, na wengi hilo hulisahau. Kisha anatia nguo za watoto, anapima. Anatia viungo, anapima. Ng'onda anazifunga karatasi, juu ya karatasi mfuko, juu ya mfuko mfuko mwengine, harufu isije ikaingia kwenye kanzu za mume wake, anapima tena. Kila kitu kina kilo yake kwenye karatasi. Mizani ikifika kilo mbili chini ya ile iliyoandikwa kwenye tiketi, anafunga. Hatii tena hata visheti vya mkononi. Akiletewa mzigo usiku wa mwisho na mtu, mpe huyu mwanangu akifika, anaonesha ile karatasi: mzigo umejaa, angalia mwenyewe.

Linganisheni na yale tunayoyaona pale uwanjani Kiembesamaki. Sanduku limefunguliwa chini, nguo zimetawanyika mbele za watu, mama anatoa huku anatia kule, foleni nyuma inanung'unika, na mwisho analipia kilo za ziada. Kilo moja ya ziada inaweza kuishinda kwa bei ile kilo moja ya samaki iliyomo ndani. Hiyo ni pesa iliyotoka kwenye matembezi ya watoto.

Haya, sasa tiketi. Hapa nina mambo mawili tu.

Moja, angalieni umri wa watoto. Mtoto mchanga aliye chini ya miaka miwili kwa kawaida hulipa sehemu ndogo ya nauli na hukaa mapajani. Lakini akitimiza miaka miwili mkiwa bado safarini, wakati wa kurudi anatakiwa awe na kiti chake, na kiti kinalipiwa. Vile vile mashirika mengi humhesabu aliyetimiza miaka 12 kuwa ni mtu mzima. Basi kabla hamjachagua tarehe, wekeni vyeti vya kuzaliwa mezani. Kusogeza safari wiki mbili mbele au nyuma kunaweza kukuokoeni pesa nzuri, na hakukugharimuni chochote isipokuwa kuangalia.

Pili, jueni kwamba bei ya tiketi yetu sisi haipangwi na likizo yetu. Inapangwa na likizo ya mgeni. Zanzibar mwaka 2024 ilipokea watalii zaidi ya 700,000, na wengi wao huja kuanzia Julai, mvua za masika zikishakatika na Ulaya wakishafunga skuli. Ndege zile zile zinazowaleta wao ndizo zinazotuleta sisi. Kwa hiyo ukipanga kurudi Unguja mwishoni mwa Julai, unagombea kiti na mtu aliyelipia chake tangu Januari. Mwenye kutaka kusafiri mwezi wa sita akate tiketi mwezi wa pili au wa tatu. Anayekata wiki mbili kabla analipa bei ya mwenye shida.

Karatasi nitazipitia haraka. Paspoti ya Tanzania ya kawaida ada yake ni shilingi 150,000 kwa kila mtu, mkubwa na mdogo. Familia ya watu watano wasiokuwa nazo ni shilingi 750,000 kabla hamjasogea hatua. Walio nazo waangalie tarehe, nchi nyingi zinataka paspoti iwe na miezi sita mbele. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja achukuliwe barua ya ridhaa ya mzazi wa pili. Cheti cha manjano, ulizeni mapema kama mnakokwenda kinatakiwa. Aliyechomwa zamani asichomwe tena, tangu Julai 2016 cheti cha homa ya manjano kinakubalika kwa maisha. Viza ya Omani inatolewa na Polisi ya Kifalme ya Omani, na nakuombeni sana mzihesabu siku zenu vizuri, kwa sababu kuzidisha siku kuna faini ya riali 10 kwa siku kwa kila mtu. Watu watano, siku mbili, ni riali 100.

Na bima ya safari msiiache. Sisi wenyewe Zanzibar tangu Oktoba 2024 tunamtaka mgeni wa kutoka nje aingie na bima, kwa sababu tumeona tabu ya mtu kuumwa ugenini. Na sisi tukifika kwa wenzetu ni wageni vile vile. Mtoto anaweza kuanguka ngazi nyumbani kwa shangazi yake.

Nimetaja riali. Hebu tuzungumze juu ya riali, maana inawadanganya watu kwa udogo wa hesabu yake.

Riali ya Omani imefungwa na dola kwa miaka mingi, riali moja ni kama dola mbili na senti 60. Kwa shilingi zetu ni kiasi cha elfu sita na kitu hadi elfu saba, kwa kutegemea siku. Sasa mnatembea na watoto ufukweni Qurum, kule Maskati, jioni, upepo mzuri. Mtoto anasema: baba, nataka aiskrimu. Bei gani? Riali moja. Moja! Moja ni kitu gani? Baba anatoa. Watoto watatu, na mama yao, na yule mtoto wa mwenyeji hatuwezi kumwacha, riali tano. Hapa kwetu ungetoa noti tatu za elfu kumi na bado pungufu, na ungefikiri mara mbili. Kule umetoa noti moja ndogo, hukufikiri hata mara moja. Fanyeni hivyo mara tatu kwa siku, kwa siku kumi.

Basi watoto wenyewe wafundisheni hesabu hii. Kabla ya kuondoka wakalisheni, waambieni: riali moja ni shilingi ngapi? Wafanye zoezi wenyewe. Kila mtoto apewe kibubu chake miezi minne kabla, na atakachokipata ndani ya kibubu kibadilishwe kiwe riali zake za matumizi. Hizo ndizo zake, zikimalizika zimemalizika. Mtoto wa miaka tisa aliyebeba riali nne za kibubu chake atauliza bei kabla ya kuagiza. Nimewaona watoto wakifanya hivyo, wanauliza kwa uangalifu kuliko wazazi wao.

Na dola nayo ina hadithi yake. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700, kisha ilipofika Disemba ilikuwa imeshuka karibu na 2,400, na mwaka 2025 ikapanda tena. Chukueni familia inayohitaji dola 2,500 kwa safari yote. Tofauti ya shilingi 300 katika kila dola ni shilingi 750,000. Ni zile paspoti tano nilizozitaja sasa hivi! Kwa hiyo msingojee wiki ya mwisho kubadilisha pesa zote. Badilisheni kidogo kidogo kila mwezi, benki au duka la fedha lenye leseni, na risiti zake mzihifadhi. Anayebadilisha kwa miezi minne hapati bei nzuri kuliko zote, lakini pia hapati mbaya kuliko zote.

Sasa niulizeni: twende lini, na tukifika tuone nini? Hapa nitasema maoni yangu bila ya kuzunguka.

Juni na Julai sisi hapa tuko kwenye kipupwe, upepo wa kusi unavuma, usiku unajifunika shuka. Maskati wakati huo joto linapita nyuzi 40. Mchana hutoki nje na watoto. Mnakaa ndani na kiyoyozi, au mnakwenda madukani kwa sababu madukani kuna baridi, na dukani mtu hakai bure. Wenyeji wenyewe wengi wakati huo wanakimbia joto, wengine wanakwenda Salalah, wengine ndio hao wanaokuja hapa Unguja. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza jamaa yako kwa simu ni: wewe mwenyewe utakuwepo?

Watu wengi wanatamani Salalah, kwa ajili ya kharifu, yale manyunyu yanayoanza mwisho wa Juni mpaka Septemba, milima ikawa kijani. Ni pahala pazuri sana. Lakini kutoka Maskati mpaka Salalah ni kama kilomita 1,000, na hoteli msimu huo bei zinapanda. Kwa mtu aliyekaa jangwani mwaka mzima, manyunyu na majani mabichi ni neema, haki yake alipie. Mtoto wa Unguja amekulia katika kijani, mikarafuu na minazi, na masika anayajua. Kwa pesa ile ile ningempeleka Nizwa, ambayo kwa gari kutoka Maskati ni kiasi cha saa moja na nusu. Kule kuna ngome yenye mnara mkubwa wa mviringo, uliojengwa katika karne ya 17 wakati wa Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi. Huyo ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Na mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliichukua Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Na Ngome Kongwe yetu, pale Forodhani, ilijengwa na Waomani baada ya hapo. Mtoto akisimama juu ya mnara wa Nizwa akaambiwa hayo, akirudi ataiangalia Ngome Kongwe kwa jicho jengine. Na kiingilio cha ngome hakifiki hata kidogo gharama ya usiku mmoja wa hoteli msimu wa kharifu.

Maskati penyewe kuna mengi ya bure. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, mnaingia mnasali, mnauona ule uzuri wake. Kutembea ukingo wa bahari wa Mutrah jioni, mkaingia sokoni mkanusa ubani bila ya kununua, ni bure. Fukwe ni bure. Andikeni katika daftari siku za kulipia na siku za bure, zipishane. Leo tunalipia, kesho bure.

Na kama mnaweza kungojea, mimi ningesafiri mwanzo wa Disemba, skuli zinapofungwa kwa likizo ndefu, kabla ya bei za Krismasi kupanda. Maskati Disemba hewa ni nzuri, watoto wanatoka nje mchana kutwa, na mchezo wa nje hauna risiti.

Tuje kwa mwenyeji. Wengi wetu tunasema: malazi bure, tunafikia kwa jamaa. Tusijidanganye, ndugu zangu. Hakuna malazi ya bure, kuna malazi yanayolipwa na mtu mwengine. Watu watano wanaoga, wanakula mara tatu, kiyoyozi kinakwenda usiku na mchana, gari linawazungusha. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lenu ni lipi? Tengeni riali kadhaa, ziandikwe kabisa kwenye bajeti, kwa ajili ya nyumba ya mwenyeji. Mkimpa mkononi atakuapieni kwamba hapokei. Basi nendeni sokoni asubuhi, nunueni samaki, nyama, matunda, siku hiyo mpike nyinyi. Siku nyengine jazeni mafuta gari lake kabla hajafika yeye kwenye pampu. Mtaondoka mnapendwa, na mwakani mtakaribishwa tena.

Sasa pesa yenyewe inapatikana vipi? Hapa watu wanaulizana kuhusu mikopo, na jibu langu ni moja: msikope kwa ajili ya matembezi. Kukopa kwa ajili ya ugonjwa, sawa. Kukopa kwa ajili ya ada, inafahamika. Kukopa ili mtoto akaone mji, hapana. Na dhahabu ya mama isiguswe. Bangili ile ni akiba ya siku ambayo hakuna anayeijua, haikuwekwa kwa ajili ya tiketi.

Njia ipo, na tunayo sisi wenyewe. Wanaocheza upatu, ombeni zamu yenu iangukie mwezi wa kukata tiketi, Februari au Machi, msingojee Juni. Zamu ya Juni inaingia mkononi siku za pilikapilika na inamalizika kwa vitu vya dakika ya mwisho. Wenye akaunti benki, fungueni nyengine ya pembeni, isiyo na kadi, isiyounganishwa na simu. Nguo za safari ziwe ndizo nguo za sikukuu. Miaka hii Idi Kubwa inaangukia karibu na mwisho wa Mei, kabla tu ya likizo, kwa nini mtoto ashonewe mara mbili?

Na hayo yote mkiyafanya, hesabu ikakataa je? Basi mwaka huu msende Omani. Kuna Mombasa. Boti mpaka Dar es Salaam, basi kupitia Tanga na mpaka wa Horohoro, mnaingia Kenya bila ya viza. Mtoto ameona mpaka wa nchi, ameona pesa za watu wengine, amepanda Fort Jesus, amekula kwa mama mdogo wake Kibokoni, na amesikia Kiswahili chengine. Hiyo ni safari ya nje, tena kamili. Mimi ningeanza na Mombasa hata kama pesa ya Maskati ipo, kwa watoto ambao hawajasafiri kamwe. Wanajifunza kusafiri kwa gharama ndogo.

Narudia kabla muda wetu haujakwisha: hesabu ya safari ianze na mwezi wa kurudi.

Nakuombeni kitu kimoja, wasikilizaji wangu. Leo usiku, baada ya Isha, watoto wakishakula, kaeni mezani baba na mama pamoja. Msimpigie simu bado jamaa wa Maskati, wala msiulize bei ya tiketi. Fungueni daftari ukurasa wa kwanza, na baba asiandike peke yake, kwa sababu mama ndiye anayejua polo la mchele linamaliza siku ngapi. Mkishamaliza ukurasa huo, laleni. Kesho ndiyo muulize tiketi.